Mteja ameondoka na nusu kichwa

Leo mteja wangu ametoka saluni kichwa kimenyolewa upande mmoja, kitambaa changu bado shingoni.

Hapa saluni kwangu, mtaa wa La Rochelle, TV haizimwi. Ilikuwa filamu ya zamani ya Waingereza, ya kuchekesha. Mwanajeshi asiyetaka vita anatupa bunduki, anakimbia, anajificha ndani ya pipa.

Jamani, tulicheka! Hadi nikasimamisha mashine ya kunyolea.

Papa Espoir niliyekuwa namnyoa, mlinzi, mtu wa Bukavu, hakucheka. Akasimama.

"Na mimi nilitupa bunduki hivyo hivyo, nikakimbia. Mdogo wangu akabaki."

Akatoka.

Eish. Nimemfuata hadi kwenye robot, taa za barabarani, nikimwita. Hakugeuka.

Nikarudi, nikazima TV. Wateja wakapiga kelele: washa, tuone kama atapona!

Nikawasha.

Yule wa kwenye pipa alipona.