Poti Niliyomchagulia Mwanangu

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, shahada mbili, na miaka kumi na tano ya kusimama mbele ya ubao, nilipogundua kwamba sijui urefu wa mwanangu.

Aliyenifanya nigundue ni muuza vyombo vya plastiki katika soko la Tukuyu, mwanamke wa rika langu aliyejifunga kitenge juu ya sweta. Nilikuwa nimeinama juu ya mabeseni na ndoo nikitafuta poti ya mtoto kujisaidia.

"Mtoto anafika wapi, madamu?"

Nikaweka kiganja usawa wa paja. Nikakishusha. Nikakipandisha tena kidogo.

"Wa kwako au wa jirani?"

"Wa kwangu."

"Haya. Tukadirie."

Niliondoka nyumbani mtoto akiwa na miezi minane. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Dodoma, nikampeleka kwa mama mkwe wangu kijijini Masukulu, nikamwachisha ziwa tiketi ya basi ikiwa tayari mkobani. Hakuna aliyenilazimisha. Kwa miaka mingi nimewaeleza watu kwamba mume wangu alinisihi niende, na si kweli. Alisema tu, "Amua mwenyewe," nami nikaamua. Niliporudi mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, na aliponiona alikimbilia nyuma ya sketi ya bibi yake.

Shule ya watoto iliyo karibu na nyumba yetu, Makandana, ilikubali kumpokea Januari kwa sharti moja: awe ameacha nepi. Mume wangu hufanya kazi Kiwira, hurudi jioni. Mimi huingia darasani asubuhi. Kwa hiyo tulikubaliana na mama mkwe hivi: akipokelewa shuleni, angeishi nami. Asipopokelewa, angerudi Masukulu mpaka afikie umri wa darasa la kwanza. Ilikuwa Desemba. Nilikuwa na wiki nne za likizo za kumrudisha mwanangu kwangu, na nikaamua kwamba kila kitu kitategemea poti.

Nikaichagua kama nilivyozoea kuchagua kitabu cha kiada. Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba kitako kinapaswa kuwa kipana ili isipinduke, na kwamba nyayo za mtoto lazima ziguse sakafu. Muuzaji alinionyesha moja yenye kichwa cha bata na kitufe ubavuni.

"Hii ina muziki. Mtoto akimaliza, inaimba."

"Na asipomaliza?"

"Basi utaimba wewe."

Wanawake wa meza ya jirani wakacheka. Sikucheka. Nilichukua nyeupe, yenye egemeo la mgongo na bakuli la kuchomoa, isiyo na mnyama wala mlio. Nilitaka aione kuwa ni kitu cha heshima. Nilirudi nayo Makandana chini ya mwavuli, imefungwa kwa mfuko, nimeikumbatia kifuani, na watu wa mtaa wakanisalimia wakidhani nimebeba keki.

Mtoto aliikagua kwa adabu. Akachomoa bakuli, akalirudisha. Akaketi juu yake na nguo zake zote, akaegemea kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Nilipomvua nguo ili aketi sawasawa, alisimama. Nilimketisha, akasimama. Nilimsomea hadithi, nikampa biskuti, nikaketi sakafuni nikiguna kama nguruwe ili aelewe kinachotarajiwa. Alinitazama kwa huruma. Siku ya kwanza alikojoa nyuma ya mlango. Siku ya pili hakufanya lolote, na ya tatu pia; tumbo likawa gumu kama ngoma, akawa hataki kula. Siku ya nne alijiharibia sebuleni dakika moja baada ya kutoka kwenye poti, nami nikampiga kofi la paja. Alama za vidole vyangu zilibaki pale kwa muda mrefu kuliko kilio chake. Nikamfunga nepi. Wiki ya pili na ya tatu zilikwenda hivyohivyo, bila kofi.

"Mpigie mama," mume wangu alisema. "Amelea sita."

"Alilea vipi? Kwa poti gani?"

"Sijui. Nilikuwa mtoto."

Sikupiga simu. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kuniambia neno siku ile nilipokwenda kumchukua mtoto, nami nililidharau. Kiswahili chake hakina z, Kinyakyusa hakimruhusu. Alisema, "Huyu ni mtu msima. Hakojoi ovyo." Nililichukulia kama majigambo ya bibi kwa mjukuu. Nikamvalisha mtoto nepi palepale mbele yake, kwa sababu ya safari ya bodaboda. Mama mkwe aliitazama nepi, akanitazama, akaingia jikoni.

Juma la mwisho la likizo nilikwenda Masukulu. Nilibeba begi, nikabeba poti. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile na migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Mtoto alipoteremka tu kwenye pikipiki alianza kujivuta nepi, akimwita bibi yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Makandana, sauti ya mtu mwenye dharura na mwenye mahali pa kuipeleka.

 Mama mkwe alikata kipande cha jani la mgomba, akaketi kwenye kigoda kifupi nje ya jiko, akavua kandambili, akanyoosha miguu mbele na kuitenganisha kidogo, akatandaza jani katikati ya nyayo. Mtoto akaketi juu ya vifundo vya miguu ya bibi yake kana kwamba ni kiti kilichochongwa kwa kipimo chake, ameelekea kwake, mikono juu ya magoti yake. Wakatazamana. Haikuchukua muda wa kuhesabu hadi kumi.

"Umemalisa, mama?"

Mwanangu akatikisa kichwa kukubali. Bibi akamsafisha, akalikunja jani, akaenda kulifukia migombani. Alipokuwa akinawa mikono ndipo alipokiona kile cheupe chini ya mkono wangu.

"Hicho nini, mwalimu?"

"Poti, mama. Ya kumfundishia."

"Kumfundisha nini?"

 Kumbe mtoto alikuwa anajua tangu kabla hajatimiza mwaka. Nilikuwa nimemfunga nepi mtoto asiyeihitaji, nikamsahaulisha, kisha nikanunua chombo cha kumfundisha nilichomsahaulisha, nikampiga kwa kutonielewa.

"Mbona hukuniulisa?"

"Ulikuwa na kazi nyingi, mama."

"Kasi ipi? Kasi yangu si huyu?"

Mchana, mtoto alipoanza kuchezesha miguu, mama mkwe alinisogezea kigoda. "Keti wewe." Nikavua viatu na soksi. Nikanyoosha miguu, nikatandaza jani kama nilivyoona.  Mtoto alikuja. Aliketi, uzito wake wote juu ya vifundo vyangu, joto lake likiwa kwenye ngozi yangu, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimesamehewa. Lakini alikuwa ameketi akinipa mgongo. Akasubiri. Akageuza shingo kumtafuta bibi yake, akainuka, akamwendea.

"Umekaa kama mtu anayesubiri gari," mama mkwe alisema. "Mtoto anasikia miguu." Hakusema kwa ubaya, na nadhani ningeweza kuvumilia vizuri zaidi kama angesema kwa ubaya.

Siku tatu zilibaki kabla ya shule kufunguliwa. Mwanamke mwingine, nimejiambia mara nyingi, angerudi naye Makandana, aketi sakafuni na jani kila saa, siku zote tatu. Ningeweza pia kumwomba mama mkwe aje akae nasi wiki moja ili anifundishe. Mama wakwe huja kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilifungua mdomo kumwomba. Nikasema ninahitaji kuwahi kabla mvua haijarudi.

Mama mkwe akalichukua begi la mtoto kulipeleka ndani. Lilimlemea, akaliweka juu ya kitanda na kulifungua. Nilikuwa nimewaambia wote, na nafsi yangu pia, kwamba tunakwenda kusalimia na kurudi jioni. Alitoa gauni moja, akatoa jingine, akatoa viatu vya Jumapili, akafika chini kabisa kwenye masweta na soksi za sufu za msimu wa baridi.

"Umeleta na za Juni," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akaanza kuzipanga.