Mwaka wa Bati

Shughuli nzima iligharimu mbuzi wawili, kuku sita, mikungu kumi na minne ya ndizi, na mwaka mmoja wa umbu langu, yaani dada yangu mdogo. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza kuku walikuwa watano, kwa sababu nilimsahau aliyekufa njiani, na kuku aliyekufa njiani ni gharama kama wenzake. Mbuzi, kuku na ndizi vimekwisha kusahaulika. Mwaka ndio unaodaiwa mpaka leo, na mdaiwa ni mimi.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, siku ambazo gari la moshi lilikuwa bado jipya Morogoro na watu walitoka mbali kuja kulitazama likisimama. Sisi tulikaa juu mlimani, upande wa Matombo, na mimi kazi yangu ilikuwa kushuka na ndizi mjini na kupanda na chumvi. Nilikuwa kijana mwenye mdomo. Nilijua kumwambia mtu bei kwa namna ya kumfanya aone haya kuipunguza, na nilijua pia kuona haya ya uongo ninapopunguziwa. Mlimani walisema huyu hapunjwi. Nami niliamini, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Siku hizi watoto wanajua mwaka una nambari, wakitusikiliza wanacheka. Basi niwaeleze. Mwaka kwetu ulikuwa kama mteja mgeni: humwiti jina mpaka umemjua. Ulikuja hauna jina, ukapita, ukaisha, ndipo watu wakaukumbuka kwa lile lililowauma zaidi au lililowachekesha zaidi. Hapakuwa na mtu wa kulitangaza jina. Mmoja alilisema mtoni, mwingine akalirudia msibani, na lililorudiwa sana ndilo lililokaa, kama bei inavyokaa sokoni. Mwaka wa kwanza wa kodi ya nyumba watu waliuita Mwaka wa Kodi. Kodi ikarudi mwaka wa pili. Ikarudi wa tatu. Jina likachakaa, wazee wakalitupa, wakauita Mwaka wa Siafu. Siafu angalau walikuja mara moja wakaondoka.

Halafu ukaja Mwaka wa Reli, na huo haukuwa na ubishi, juu wala chini. Mwaka huo ulipokuwa unaisha, umbu langu aliyenifuata kuzaliwa aliwekwa ndani. Kwetu binti akishavunja ungo huwa mwali. Hukaa ndani ya nyumba, jua halimwoni, wageni hawasikii sauti yake, bibi humfundisha, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Anayeamua siku hiyo si baba. Kwetu baba ni mtu mwema anayekaa pembeni. Mwenye neno ni mjomba. Na mjomba wetu alikwisha kupatana na watu wa mjini waliomtaka binti kwa kijana wao: mwali atakaa miaka mitatu baada ya Mwaka wa Reli, kisha atatoka na kuolewa. Mitatu, si miwili, si minne. Mimi nilikuwapo, nilikula ile ndizi ya mapatano.

Nilimletea umbu langu kazi ya mikono. Kila kiangazi nilishuka bondeni kukata ukindu, nikauleta mlangoni, bibi akaupokea, na mwali akasuka mkeka mmoja. Ukindu huo sikuuhesabu. Nilihesabu vitu vya kuuza.

Basi siku moja, mihogo imekwisha kuvunwa, wakaja wajumbe wa bwana harusi. Walikuwa wanaume wawili wanyamavu na shangazi yake mmoja asiyenyamaza. Alipanda mlima ule wote na umri wake, akafika hahemi.

Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa ndizi? Uliniuzia mkungu mwezi uliopita, nusu yake mbichi."

"Nusu nyingine ilikuwa mbivu, shangazi."

"Hiyo aliila mbuzi." Akaketi, akamgeukia mjomba. "Haya, shemeji. Tumekuja kumchukua mwali wetu. Miaka imetimia."

Mjomba alikuwa mtu wa polepole. Alichukua mchi mdogo wa kutwangia ugoro, akatwanga, akanusa, akapiga chafya, ndipo akasema, "Imetimia wapi?"

"Kwani huku miaka hupita njia nyingine?"

"Nihesabie."

Shangazi akatoa vidole. "Reli ilipokwisha, ukaja Mwaka wa Mihogo Michungu. Mmoja."

"Mmoja," mjomba akakubali. Sote tuliukumbuka. Tulikula mihogo ile mpaka ndimi zikawa za mbao.

"Ukaja Mwaka wa Bati. Wa pili."

"Upi?"

"Mwaka wa Bati."

"Bati gani?"

"Bati la Mhindi mwenye duka karibu na stesheni! Nyumba ya kwanza mtaani kwetu kuezekwa bati. Mvua ikanyesha, mji mzima haukusikilizana. Nani asiyeujua Mwaka wa Bati?"

Wazee wa kwetu wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu kama bati hilo liliua mtu. Akaambiwa hapana. Akauliza kama lilileta njaa. Hapana.

Mjomba akasema, "Basi mama, mtu kaezeka nyumba yake. Nami mwakani nitaziba ukuta wangu. Mtauita Mwaka wa Udongo?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Halafu Mwaka wa Nguruwe," akasema. "Wa tatu. Nipeni mwali wangu."

"Mihogo Michungu, Nguruwe," mjomba akasema, akionyesha vidole viwili. "Hivyo ndivyo miaka iliyopita hapa. Baina yake hapana kitu."

"Nimefunga Ramadhani tatu, shemeji!"

"Umefunga wewe. Huku mwezi ulikuwa na mawingu."

Hapo wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyejua juu na chini. Shangazi alinitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba umeuza nusu mbichi. "Mwambie mjomba wako. Si unapumzika chini ya baraza la bati lile kila ukishuka?"

Ni kweli, nilipumzika hapo. Bati nililijua, hata kelele zake. Lakini liliwekwa lini? Nikahesabu miaka yangu kichwani kwa majina: Reli, Mihogo, Nguruwe. Nikahesabu tena kutoka nyuma: Nguruwe, Mihogo, Reli. Mara mbili, jibu moja. Nikatafuta katikati yake mwaka mwingine, nikaona ndizi tu: nashuka na ndizi, napanda na chumvi. Bei ile ile, mvua kwa wakati wake, hakufa mkubwa, hakuibiwa mtu. Mwaka mzima wa kutotokea kitu unafananaje? Sikujua. Sijui hata leo.

Na nitasema kweli, moyoni nilijiambia: huyu mama ananifanyia biashara. Mimi mwenyewe nikimhesabia mteja ndizi huongea katikati, nikamuuliza habari za watoto, na ndizi moja ikahesabiwa mara mbili. Nikaona na yeye kachomeka mwaka katikati ya maneno.

Nikasema, "Bati nalijua. Lakini miaka ni miwili."

Mlango wa ndani ukafunguka kidogo, akatoka bibi, kainama kwa uzee. "Mwali anasema," akaanza, na watu wakageuka, maana mwali hasemi, "anasema ana mikeka mitatu."

"Ana mikono myepesi," mjomba akajibu. "Mkeka si mwaka. Mwambie ashukuru, ataolewa na mikeka minne."

Bibi alinitazama mimi, si mjomba. Alisimama kidogo kama anayengoja chenji. Kisha akarudi ndani na mlango ukafungwa.

Shangazi aliondoka bila kugusa chakula, na huo ni utovu wa adabu. Mjomba akataka mbuzi wa fidia. Wao wakasema kunyimwa mwali aliyetimiza ni dharau. Nao wakataka mbuzi. Nilipanda na kushuka mara saba kupeleka maneno, na ndiko ndizi na kuku walikokwenda, kwa maana hakuna anayesikiliza maneno matupu. Mwisho walikubaliana kila upande ulipe. Mbuzi wetu akashuka, mbuzi wao akapanda. Walipishana njiani, nami niliwaona. Wetu alikuwa mnene zaidi. Mlima mzima ulicheka, na mwaka ule mpya ukapata jina kabla haujaisha: Mwaka wa Mbuzi Wawili. Kwa hiyo huo ulihesabiwa, hapana aliyeubishia, na ulipokwisha mwali akatolewa kwa ngoma kubwa.

Tulishuka naye mjini, mimi nimebeba mikeka kichwani. Yeye alikuwa mbele na bibi, anatembea kama mtu anayejaribu daraja, anaweka mguu, anangoja, anaweka mwingine. Jua lilimtoa machozi, akawa anacheka huku anayafuta. Mikeka ilikuwa mizito. Nilipofika kwenye kijito nikaitua, nikaihesabu, mazoea tu. Minne. Nikaihesabu tena. Minne. Na hapo nikakumbuka mabega yangu mwenyewe: ukindu unakatwa kiangazi, kiangazi ni kimoja kwa mwaka, na mimi ndiye niliyeukata. Mara moja wakati tumbo linauma kwa mihogo. Mara moja nikikwepa mitego ya nguruwe. Mara moja juzi, baada ya mbuzi. Na mara moja zaidi, siku ambayo hapakuwa na kitu, nilikata, nikafunga, nikabeba, nikaenda zangu.

Shangazi hakuchomeka kitu. Mwaka ulikuwapo. Haukutuuma wala kutuchekesha, basi tukaupita kama mtu asiyesalimia, na umbu langu alikuwa ndani yake siku zote, gizani, anasuka.

Nikajitwika tena mikeka, nikawafuata. Ningesema nini pale kwenye kijito, watu wamevaa nguo za harusi?

Nilimwambia umbu langu miaka mingi baadaye, Mdachi amekwisha kuondoka. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Nilijua siku ile ile, kaka. Nilikusikia kupitia ukuta. 'Miaka ni miwili.' Kwa sauti yako ya sokoni."

"Nilihesabu mara mbili."

"Ulihesabu majina." Akapuliza makapi. "Nilipe mwaka wangu."

Nilidhani ni utani. Idi iliyofuata nikampelekea mbuzi. Akamrudisha. "Mbuzi wamekwisha kulipwa, tena wawili." Nikampa shamba la migomba, akalichukua, akashukuru, akasema hiyo ni zawadi, deni liko pale pale. Nikaona basi niupe mwaka ule jina, nikawashawishi wazee waliobaki tuuite Mwaka wa Mwali. Wakakubali upesi, hawakuwa na shida nao. Nikampelekea habari. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa una jina," akasema, "na mimi bado niko ndani yake."

Na siku hizi mambo yamezidi kunivuruga. Vijana hawataki mwaka mmoja mmoja, wanafunga kumi kwa kamba moja kama kuni. Reli, Mihogo, Bati, Nguruwe, Mbuzi Wawili, yote wanaiita miaka ya Mdachi, basi. Sasa mwaka ninaodaiwa sioni hata mahali pa kuuchomoa. Umbu langu ni mjane, macho yamepungua, anapenda kukaa juani hata mchana wa kiangazi, na watu humwambia mama, sogea kivulini, naye huwaambia hajamaliza jua lake. Nikipita kumsalimu hunyoosha kiganja.

Nina umri wa kutosha kujua kwamba sitaiona miaka mingine mingi, na kama ni mwaka wa kutoa, nautoa, bila kuomba nipunguziwe. Ila sijui unaukabidhije. Mwenzangu unayesoma, kama umewahi kumlipa mtu mwaka, au umemwona aliyelipa, niambie alilipa kwa kitu gani. Nawe niambie upesi, maana mdai wangu ni mzee, na mimi namtangulia.