Mpishi Aliyejifunga Pazia

Filamu yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu. Daktari wa mifugo anasafiri angani kwa basi bovu, pamoja na dada zake wawili na mpishi mwoga, kulitafuta jua lililoibwa na mijusi wenye macho matatu. Mijusi hao wanavaa miwani na wanaabudu kabichi. Mara ya kwanza watu wa mji wetu wa Bwera walinuna. Mara ya pili wakacheka. Kuanzia mara ya tatu haikupita Jumamosi bila mtu kuchungulia mlangoni mwa kibanda chetu cha video na kuuliza kama mijusi wapo leo. Wanaume wa sokoni walikuja na kabichi zao, na mijusi walipopiga magoti, nao waliziinua juu.

Mimi ndiye niliyekuwa vijei, yule anayekaa kando ya televisheni na kipaza sauti akiwafasiria watazamaji. Nilikuwa nimemaliza sekondari Kasese, na Kiingereza changu kilitosha kwa filamu za kupigana. Hii ilinishinda. Waliongea mbio, wote pamoja, na utani wao sikuujua. Lakini vijei hanyamazi. Ukinyamaza wanapiga kelele, "Sauti! Sauti!" na wengine wanatoka. Kwa hiyo pale niliposhindwa nilitia maneno yangu, kwa Kiswahili cha mpakani, kwa sababu nusu ya watu wetu walikuwa wametoka Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo.

Jirani na kibanda alikuwa fundi cherehani, mkimbizi kutoka upande wa Beni, aliyekuwa akimlea binti yake mdogo peke yake. Siku moja ya mvua suruali yangu ilipasuka, nami sikuwa na nyingine ya maana. Akanipa kitenge nijifunge wakati anaishona. Aliponiona nimekaa pale na kitenge changu, alicheka mpaka akaacha kukanyaga mashine.

"Umefunga vibaya," alisema. "Miye nilifungwa na mwenye kujua."

Ndipo akanieleza. Watu wenye bunduki walipoingia kijijini kwao walikuwa wakitafuta wanaume. Mke wake alimfunga kitenge chake, akamtia kilemba kichwani, akambebesha mtoto mgongoni na kumsukuma nje ajiunge na wanawake waliokuwa wakikimbia. Alimwambia hivi: "Bakikuuliza, sema mutoto iko mugonjwa, muniache nipite. Usiongeze kitu." Waliuliza. Alisema hayo hayo kwa sauti nyembamba, wakampisha. Tulicheka sote wawili. Kisha akasema mke wake alibaki nyuma kidogo amchukue mama yake mzee, na hakuonekana tena. Akainama, akaendelea kushona, na mimi nikatazama mvua. Alinirudishia suruali, akaniomba yale yabaki hapo hapo.

Jumamosi iliyofuata tulifika mahali ambapo mpishi anatoroka jumba la mijusi. Amejifunga pazia la malkia na mgongoni amebeba yai la mjusi. Askari wa mijusi wanamsimamisha. Mpishi anaanza kuongea, anaongea, anaongea, nami sikupata hata neno moja. Nyuma yangu nilisikia mtu wa kwanza akiguna. Nikabana pua, nikasema kwa sauti nyembamba, "Mutoto iko mugonjwa, muniache nipite."

Kibanda kililipuka. Watu walipiga mabenchi. Mmoja alianguka kabisa chini kwa kicheko. Nilirudisha diski nyuma nikasema tena. Nilipogeuka kufurahia, nilimwona fundi amekaa karibu na mlango, binti yake magotini. Mtoto alikuwa akicheka kwa sababu wote walicheka. Baba yake alimwinua akatoka naye taratibu, akiomba radhi kwa kila aliyempita.

Hakunisema. Kesho yake alinisalimu kama kawaida, na hilo ndilo lililonikera. Wiki chache baadaye mwenye kibanda alitaka tuirekodi filamu pamoja na sauti yangu ili aiuze. Nilikuwa na nafasi ya kubadilisha. Chumba kilikuwa kitupu, hakuna aliyeguna. Nikayasema maneno yale yale, na safari hii niliyasema vizuri zaidi, kwa sababu nilijua wapi watacheka.

Baadaye niliondoka Bwera. Niliwaambia watu kwamba mji umekuwa mdogo kwangu. Nimepakia samaki Katunguru, nimelinda ghala Kampala, nimeuza nguo kuukuu katika miji ambayo sitaitaja. Maneno yale yalinitangulia. Kule Katunguru nilimwona mtu akipenya foleni huku amebana pua, "Mutoto iko mugonjwa, muniache nipite," na foleni ikampisha kwa kicheko. Hakuna aliyejua yalikotoka isipokuwa fundi na mimi.

Mwaka jana kiu ya Bwera ilinishika, nikarudi. Niliingia saluni moja karibu na soko kuuliza njia ya kwenda mahali kibanda kilipokuwa. Msichana aliyekuwa akisuka aliachia nywele za mteja.

"Rudia," aliniambia.

"Nimeuliza njia tu, dada."

"Ni yeye! Mungu wangu, ni yeye! Sauti ya mijusi!" Alinionyesha simu yake. Filamu ilikuwa mle, nzima, na sauti yangu ya ujana. "Tonton, mjomba wangu, sisi tunaijua yote kwa kichwa. Sema ile ya mpishi. Sema!"

Nilisingizia kikohozi. Akabana pua akaisema mwenyewe, wateja wakacheka, kisha akanishika mkono. "Twende kwa papa. Yeye hapendi filamu, lakini wewe atakupenda."

Nilimtambua babake kabla hatujamfikia, kwa jinsi alivyoinama juu ya mashine. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinitazama, akamtuma binti akatuletee chai.

Tulipobaki wawili nilianza, "Mzee, mimi nilikukosea..."

"Huyu binti iko anajua mama yake alikufa na malaria," alinikatiza. "Ndio vile nilimwambia."

"Hukumweleza?"

"Nilijaribu. Alipofikisha miaka kumi na mbili, nikajaribu. Alipomaliza shule, nikajaribu. Kila mara nafika pale mama yake ananifunga kitenge, nataka kusema kile alisema, na maneno yananikwama." Alikata uzi kwa meno. "Maana atacheka. Si kosa yake. Mutu yeyote hapa atacheka. Bibi yangu, mama yake, aliniachia maneno moja tu, na wewe uliyafanya ya mpishi."

Nilikuwa nimebeba aibu yangu miaka yote nikidhani ni ya kuvunja siri. Kumbe siri ilikuwa imetunzwa vizuri mno. Nilichovunja ni kitu alichohitaji ili amrithishe mtoto mama yake.

Binti alirudi na vikombe vitatu. Babake alimwonyesha stuli.

"Ikala. Huyu mugeni iko na kitu ya kukuambia kuhusu filamu yake." Akanigeukia. "Wewe kwanza. Miye nitamalizia."

Msichana alikaa, macho yanang'aa, tayari kusikia utani. Nikamwambia kwamba maneno ya mpishi hayakuwamo kwenye filamu, niliyaiba. Akacheka. Nikamwambia niliyaiba hapa, kwa fundi, siku ya mvua, na aliyeyasema kwanza alikuwa mwanamke. Akacheka tena, kidogo, akamtazama babake. Babake hakucheka. Nikaendelea, sentensi moja moja, bila kubana pua, mpaka nikafika kwa mtoto aliyebebwa mgongoni, na hapo akaweka kikombe chini.

"Mutoto gani?" aliuliza.

Fundi aliondoa mguu wake kwenye mashine, akaanza kumweleza. Mimi nilitaka kuondoka. Alinionyesha kwa mkono nikae, nisikilize yote.