Aliyekuwa Akipokea Unga

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa kikombe cha chai na kuambiwa nisikiguse kwanza. Meneja Mkuu, mzee wa Kisikh aliyeuza misumari na mabati nusu ya maisha yake, alinikalisha pembeni ya chumba chake, ghorofa ya nne karibu na Barabara ya Moi. Mezani walikaa mwenye shule na fundi wa madawati, birika katikati yao. Walipoondoka aliniuliza nani alimmiminia mwenzake kwanza. Nikasema fundi. Akasema basi huyo ataleta madawati hata mvua ikinyesha, na tukaandika mkataba. Mimi nilikuwa nimetoka tu kupunguzwa kazi katika stoo ya serikali, mama mzima wa kuitwa nyanya. Jioni hiyo nilirudi nyumbani Mountain View nikamwambia mume wangu kwamba nimeajiriwa na wendawazimu.

Nyinyi vijana leo mnabonyeza simu na wauzaji wanajipanga foleni. Wakati wetu, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mtu aliyetaka kufungua hoteli hakujua anunue kwa nani viazi, sahani wala gesi. Alikuja kwetu akaeleza haja yake, nasi tukamtafutia wasambazaji watatu wanaomfaa, yaani watu wa kumletea bidhaa wiki baada ya wiki bila kumtia aibu. Tulichukua sampuli, yaani kipande kidogo cha bidhaa cha kuonja au kupima. Tulifanya ziara, maana yake kwenda kuona ghala kwa macho yako, kwa sababu kadi ya biashara haina haya, itasema lolote. Mwisho tuliwakalisha pamoja kwa chai. Sisi wenyewe tulijiita washenga, na tofauti ilikuwa ndogo: tulipeleka posa, tukala ada, na ndoa ikivunjika lawama zilikuwa zetu.

Ndoa ya kwanza niliyofunga ilivunjika upesi. Msambazaji wa mboga, mtu mwaminifu, aliacha kupeleka mzigo katika hoteli moja kubwa bila sababu. Nilimweleza Meneja Mkuu kwamba mnunuzi analipa vizuri na bei ni nzuri, na sielewi.

"Hapana niambie nani ananunua," alisema. "Niambie nani anapokea."

Nikaenda kuangalia. Kumbe mtunza stoo wa hoteli alikuwa akimsimamisha mtu wa mboga juani hadi sukumawiki inyauke, kisha anamkemea kwamba imenyauka. Kuanzia siku hiyo sikuoanisha mtu yeyote kabla ya kumjua mpokeaji, yule anayesimama mlangoni mzigo unapofika. Wengi katika kazi hii hawamuulizii kamwe, na ndiyo maana ndoa zao hazidumu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Westlands. Huko nilimkuta Msimamizi wa Tawi, kijana wa tai na manukato, aliyeingiza kila kitu kwenye kompyuta. Nilimtania kwamba ipo siku ataoa kupitia mashine ile, naye akanijibu kwamba angalau mashine haimsengenyi. Tulipatana. Ni kwenye tawi hilo alipoingia Mama Shiru.

Mama Shiru alikuwa mpishi wa hotelini aliyeacha kazi akatia akiba yake yote katika kiwanda kidogo cha mikate. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani ya mawe nyuma ya maghorofa ya Westlands, ya mwisho iliyobaki na ua wa miiba ya kayaba, kwa sababu uani mlikuwa na tanuri la matofali lililojengwa na mwokaji wa Kihindi aliyeishi hapo zamani. Shule moja ya bweni ilikubali kununua mikate yake kila siku, mradi aweze kuileta bila kukosa tangu muhula utakapofunguliwa. Alitaka mtu wa kumletea unga wa ngano. Nilimwambia hilo ni jambo dogo.

Nikampa msambazaji wa kwanza, wakala mkubwa wa eneo la viwanda. Alipeleka mara mbili, kisha simu yake ikawa haishikwi. Wa pili alipeleka mara mbili pia, na tulipompigia alisema gari limeharibika, nami nilikuwa nimeliona gari hilo asubuhi likipita Waiyaki Way likiwa zima. Mama Shiru alianza kununua unga wa rejareja dukani, na faida yote ikaishia hapo. Alikuja ofisini akaketi mbele yangu, mwanamke aliyezoea kuamrisha wapishi wakubwa, akalia. Alisema shule ikifungua bila mikate watachukua ya mtu mwingine, na yeye hana pa kurudi.

Nilimuuliza nani hupokea mzigo. Akasema ni yeye, ingawa mara nyingi huwa mbele dukani, na akienda nyuma hukuta magunia yameshapangwa vizuri. Aliwasifu wale watu kwa hilo. Unga ulikuwa juu ya mbao kila mara, upande wa kushoto, mbali na unyevu wa sakafu.

Msambazaji wa tatu alikuwa jamaa wa Kawangware, mtu wa mabega mapana ambaye haogopi askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Naye alipoacha, nilimfuata hadi kwenye ghala lake. Alinitolea kigoda nje, kwenye jua, na hakutaka kuongea mpaka vibarua wake waende mbali.

"Madam, huyo mama hana shida, analipa poa," alisema. "Shida ni ule mzee wa ndani."

"Mzee gani?"

"Si ule Mhindi wa mlango wa nyuma. Nikigonga anasema, weka kushoto, hapana weka chini. Halafu ananiuliza, Mburu iko wapi? Siku ya kwanza nikamwambia simjui Mburu. Siku ya pili nilikuwa na haraka, nikaangusha gunia hapo tu kwa sakafu, nikarudi kwa gari kuchukua ingine." Alifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Kurudi, ile ya kwanza ilikuwa imepanda juu ya mbao. Nikaingia nimsalimie huyo mzee kwa uso. Hakuna mtu huko ndani, madam. Hata kiti hakuna."

Niliwapigia wale wawili wa kwanza kwa simu ya kibanda, namba wasiyoijua, nao wakashika. Sikuwaambia nililosikia. Niliwauliza tu walikuwa wakipokelewa na nani, na kila mmoja akasema mzee wa Kihindi, na kila mmoja alikuwa ameulizwa habari za Mburu.

Asubuhi iliyofuata nilifanya ziara, kama kazi inavyotaka. Ilikuwa saa nne, jua limetulia uani, na kelele za magari zilisikika mbali nyuma ya maghorofa. Mama Shiru alikuwa mbele akiuza maandazi, nilimsikia akihesabu chenji. Nilizunguka hadi mlango wa nyuma nikagonga.

"Weka kushoto," sauti ikasema.

Sikuwa na kitu mkononi. Sauti ilikuwa ya mzee, imekwaruza kidogo, ya mtu aliyekatizwa kazi, na ilitoka karibu sana, nyuma tu ya ubao wa mlango. Niliogopa. Nilishika ukuta, nao ulikuwa na joto la jua kama kawaida. Kisha ikauliza, polepole zaidi, "Mburu iko wapi?"

Wapo watakaosema ningekimbia kumtafuta mchungaji au shehe. Lakini nilikuwa mshenga miaka kadhaa kufikia hapo, na mtu akinieleza haja yake ulimi wangu ulikuwa na jibu moja tu. Nikasema, "Nitakutafutia." Mlangoni hapakusikika tena kitu. Nilipomsimulia Mama Shiru, aliniambia hajawahi kusikia sauti yoyote mle. Nilielewa sababu: yeye hakuwa na haja ya kugonga mlango wake mwenyewe.

Msimamizi wa Tawi aliniambia kompyuta inadai sababu ya wasambazaji watatu kuondoka, wala haikubali nafasi tupu. Nikamwambia aandike hawakuelewana na mpokeaji. Akaandika, na mpaka leo naona ni ukweli mtupu.

Kumtafuta Mburu hakukuwa kugumu kama nilivyodhani. Nilianzia soko la Kangemi kwa akina mama wa nafaka, nikauliza ni Mburu gani aliyepeleka unga Westlands enzi za mwokaji wa Kihindi. Kuuliza si ujinga. Walinielekeza kwenye kinu kidogo cha kusaga mahindi na ngano, ambapo mwanamume mmoja mweupe kwa vumbi la unga alikuwa akipakia magunia. Huyo alikuwa Kamau, ndiye aliyeendesha kinu sasa. Baba yake, Mzee Mburu, alikuwa ameketi chumba cha nyuma na kofia yake ya sufu, birika miguuni.

Nilimweleza yote bila kupamba. Aliweka kikombe chini.

"Anasema aje hasa?"

"Anasema, Mburu iko wapi."

"Bado anasema iko," mzee alisema. "Miaka yote hiyo nilimfundisha huyo Gulam. Mburu yuko wapi, nilikuwa namwambia, mimi si gunia." Alicheka kidogo, kisha macho yakamjaa. "Nilimwambia nitaleta kesho asubuhi. Jioni hiyo nikaitwa Murang'a, mamangu amekufa. Kurudi kutoka matanga nikaambiwa Gulam aliweka kiti kwa mlango wa nyuma, akaningoja asubuhi yote, na ni hapo kwa kiti moyo wake ulisimama. Watoto wake wakafunga nyumba wakaenda ng'ambo. Sikupata mtu wa kuambia pole."

Nilisikia uchungu. Hata hivyo kazi ni kazi. Nilikagua kinu, nikachukua sampuli ya unga, nikausugua kati ya vidole, ukawa laini na mkavu. Mzee Mburu akaletewa kikombe cha pili. Alinimiminia mimi kwanza.

Alikuja na Kamau kwenye pikapu siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mama Shiru na mimi tulisimama kwenye kona ya ua, tumeshikana mikono kama wasichana. Mzee alikataa kusaidiwa. Alivua kofia, akagonga, na sisi sote wanne tukasikia kimya cha mle ndani, kimya cha mtu aliyeinua kichwa.

"Salaam, Gulam," alisema. "Ni Mburu. Nimechelewa."

Kamau alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea garini.

"Weka kushoto," sauti ikasema, na mara hii haikukwaruza.

Mama Shiru aliniminya mkono hadi ukaniuma, na hapo nikajua kwamba naye amesikia. Mzee Mburu aliingia, akaweka gunia juu ya mbao, akakaa juu yake akilia bila sauti. Tulimwacha hapo mpaka alipotoka mwenyewe.

Kawia ufike, ndivyo wasemavyo. Shule ilipata mikate yake tangu asubuhi ya kwanza, na Mama Shiru hakukosa unga tena. Mburu alipeleka kila wiki, akiongea mlangoni habari za mvua na bei ya ngano, na aliniambia mara nyingine alijibiwa, mara nyingine hakujibiwa. Hakuna aliyeulizwa tena Mburu iko wapi. Nilipomsimulia Meneja Mkuu, hakushangaa. Aliniuliza tu kama nimepata ada yangu.

Kisha dunia ikabadilika. Simu za mkononi zikajaa kila mfuko, wafanyabiashara wakatafutana wenyewe kwenye tovuti, na tawi la Westlands likafungwa. Nilistaafu nikiwa na kiinua mgongo kidogo na saa ya ukutani isiyokwenda. Siichukii mashine. Kulinganisha bei, ubora na umbali wa ghala inafanya vizuri kuliko mimi, na sitawadanganya vijana kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Ninachowaambia wanaonijia kwa ushauri ni waende mlangoni wakagonge wenyewe.

Mzee Mburu alifariki mwaka uliofuata kustaafu kwangu. Nilikwenda kumzika. Siku chache baadaye Kamau alikuja nyumbani Mountain View, akaketi sebuleni kwangu na unga bado kwenye nyusi. Mke wa mwanangu aliweka birika katikati yetu akaenda zake jikoni.

Kamau alisema anataka nimtafutie Mama Shiru msambazaji mwingine, yeye hataweza. Nilijua maana yake. Mama Shiru alikuwa na wafanyakazi sasa, na shule mbili, na hakuna mtu mwingine Nairobi ambaye mlango ule ungemkubali. Nikamuuliza kimetokea nini.

"Leo nilipeleka peke yangu," alisema. "Nikagonga, nikasalimia vile mzee alikuwa anasalimia. Ule wa siku zote akasema weka kushoto. Nikainua gunia. Halafu nikasikia mwingine, mama. Akaniambia, Kamau, inua na miguu, wacha kuinua na mgongo."

Maneno hayo niliyasikia mwenyewe pale kinuni, si mara moja wala mbili, mzee akimwambia mwanawe.

"Tumemzika Jumamosi," Kamau alisema.

Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa pia na kitu kingine, nadhani ni furaha, na sikuwa na jina la kukipa. Nikamuuliza lile swali nililofundishwa ghorofa ya nne, la pekee ninalolijua vizuri.

"Nani anapokea?"

Alitazama viganja vyake, kisha akashika birika na kumimina, kikombe changu kwanza, halafu chake.

"Ni baba," alisema.

"Basi wiki ijayo usichelewe," nikamwambia. "Sasa wanakungoja wawili."