Nilivyokwenda Kuyajulia Hali Matumbawe

Kilichonitoa Machakos ni kujigamba. Mwanasha, ambaye tulisoma naye chuo kikuu, mimi fasihi na yeye viumbe wa bahari, alinipigia simu kuniambia kwamba matumbawe ya kijiji chao, kusini ya Mombasa, yameingiliwa na maradhi. Nikamwambia asihangaike, mimi ni mzoefu wa maradhi ya mimea, nilishaitibu michungwa yangu sita. Sikumwambia kwamba niliitibu kwa panga na kwamba siku hizi pale pana mahindi.

"Matumbawe ni wanyama," akasema. "Lakini njoo. Twahitaji mikono, hata yako."

Katelembo, kijijini kwetu Machakos, Jumamosi alfajiri. Mke wangu Ndinda aliutazama mkoba wangu kwa masikitiko. "Sasa Baba Mueni, unaenda kuona mgonjwa mikono mitupu?"

Nilimweleza kwamba mgonjwa yuko chini ya maji.

"Na si ako na wenyewe?"

Hivyo ndivyo nilivyopanda basi pale Kyumbi nikiwa na kilo mbili za sukari, mkate, na mfuko wa muthokoi, yaani mahindi yetu ya kukobolewa.

Kijijini, jioni ileile. Nilipokewa na Mwanasha pamoja na Bi Mishi, kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaotunza matumbawe. Bi Mishi alipokea sukari, akapokea mkate, kisha akachungulia ule mfuko. "Haya nayo ni mahindi yaliyovuliwa nguo?" Alipomaliza kunicheka akaniketisha, akanieleza habari yenyewe. Kwa miaka minne wamekuwa wakifunga vipande vya matumbawe kwenye fremu za chuma chini ya maji, kimoja kimoja, mpaka samaki wakarudi. Hiyo ndiyo bustani yao. Sasa tumbawe moja kubwa, la kando ya bustani, limepata mkanda mweupe. Ugonjwa unakula nyama na kuacha mfupa.

"Ukiingia bustanini," akasema, "tutang'oa kwa mikono iyo hiyo tuliyopandia."

Jumapili, maji yalipokupwa. Tulikwenda kwa boti. Kwa kuwa sijui kuogelea, nilivikwa glavu, miwani na jaketi la kuelea, nalo likaamua kwamba sehemu yangu inayostahili kuwa juu ni makalio. Mwanasha alinishikisha kamba, akaniambia nibaki kwa mgonjwa, nimulike taa, basi. Tumbawe lile lilikuwa kubwa kama tangi la maji ya mvua, na ule mkanda ulilizunguka kama bendeji iliyofungwa vibaya. Nililihurumia kwa dhati. Nikalishika kidogo, kama unavyomshika mgonjwa mkono.

Sasa, kwetu mtu akienda kumwona mgonjwa kisha akaondoka bila kusalimia wengine wa boma lile, atasemwa mpaka mvua nyingine. Wenzangu walipokuwa wakipima mkanda, nilijivuta kwa kamba hadi bustanini. Nilipita fremu kwa fremu. Nilivigusa vile vipande vichwani, kimoja kimoja, kama watoto waliopangwa mstari kumlaki mgeni.

Tuliporudi botini Bi Mishi aliniuliza nilikuwa wapi.

"Nimesalimia na wale wazima, mama."

Alivua miwani yake ya majini taratibu. "Kwa glavu zizo hizo?"

"Ndiyo."

"Mwanasha, huyu ulimtoa wapi?"

"Chuo kikuu."

"Na walimruhusu atoke?"

Mwanasha alinieleza bila kunitazama kwamba huku mtu huanza kwa wazima na kumalizia kwa wagonjwa, kisha kila kitu huoshwa kwa maji ya dawa. Glavu, miwani na kamba vikatumbukizwa kwenye pipa. Bi Mishi alinitazama, akalitazama pipa, nadhani akipima kama nitaenea.

Siku nne zilizofuata sikuruhusiwa hata kulowesha vidole vya miguu. Nilibaki ufukweni nikipika muthokoi, nao walikuwa wakienda kukagua fremu nilizozisalimia. Hakuna aliyetania tena. Alhamisi walirudi na habari. Fremu moja ilikuwa na mstari mweupe. Bi Mishi alikaa mchangani, akaanza kunoa tindo, nami nikatamani anitukane.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kutibu. Matibabu yenyewe ni haya: kwa tindo na nyundo unachimba mtaro mwembamba kati ya nyama iliyougua na nyama nzima, kisha unaujaza dawa iliyokandwa ikawa nzito, ili ugonjwa usivuke. Niliposikia mtaro niliinua kichwa. Sisi tumelelewa na mitaro, mashamba yetu ya mteremko yasingekuwepo bila hiyo. Nikajitolea kuchimba.

"Wewe hutoki botini," akasema Bi Mishi.

Nikapewa kazi ya kukanda dawa. Ilitakiwa iwe laini, isiyo na madonge, na imfikie Bi Mishi kule chini kabla haijaganda. Nilikanda mpaka mabega yakawaka moto. Bi Mishi aliibuka, akachukua tonge la kwanza, akaliminya. "Walau mkono wa sima unao," akasema, akazama tena. Walimaliza lile tumbawe kubwa, wakaja kwenye fremu. Vipande vitatu vilikuwa vimeliwa mno, wakavikata na kuvifunga mfukoni. Alipovipandisha botini, Bi Mishi alivishika mwenyewe, hakunipa.

Jumamosi, kuagana. "Mtaro ukishika nitakwambia," alisema. "Usiposhika nitakwambia pia."

Machakos, wiki tatu za kusubiri. Ndinda alikuwa akiniuliza kila siku mgonjwa anaendeleaje, na kila siku nilimwonyesha simu. Nilipata muda wa kutosha kutafakari nilichojifunza: huruma si dawa, na wakati mwingine ndiyo inayobeba ugonjwa, ikiwa imevaa glavu na inatabasamu. Anayependa kweli hunawa kwanza.

Kisha sauti ya Bi Mishi ikaingia kwenye simu yangu. "Mtaro umeshika, kwa tumbawe kubwa na kwa fremu. Pale penye vipande vitatu tushapanda vingine. Bustani nzima haijambo, yakusalimu. Nawe ukitaka kuijulia hali, piga simu."