Zamu Yangu ya Njala

Wiki iliyopita, kwenye treni ya asubuhi kutoka Ilford, hapa Uingereza, mzee mmoja aliketi mbele yangu akiwa amejipaka dawa ya kuchua. Ile ya kikopo, yenye harufu ya karafuu na mnanaa inayopanda puani na kukaa humo kama mgeni asiye na haraka. Watu wawili walihama viti. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimechoka, nikaegemea dirisha, nikafumba macho, na baada ya vituo vichache nilikuwa nimerudi kwenye korido nyembamba ya flati yetu, nina miaka kumi na miwili, mkono wangu wa kulia umelala juu ya mapaja ya Mama, naye anauchua taratibu kama mtu anayekanda unga huku akiwaza jambo jingine.

Mkono ule ulikuwa na kazi. Nilikuwa mtupaji mpira wa timu ya wasichana shuleni. Mchezo wenyewe huchezwa sana mashuleni Uingereza wakati wa kiangazi, na kama hamjauona, fikirieni besiboli ya Wamarekani iliyopunguzwa ukali: gongo fupi kama mwiko wa ugali, nguzo nne za kuzunguka, na mpira mdogo wa ngozi, mgumu, unaoenea kiganjani kama chenza. Mtupaji husimama katikati na kuutupa mpira kwa mkono wa chini, upite ubavuni mwa mpigaji, usishuke chini ya goti wala usipande juu ya kichwa. Ukimlenga mwilini ni kosa, na makosa mawili mfululizo huwapa wapinzani nusu pointi.

Hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia, kwa sababu aliyenifundisha kutupa ni Mama, na Mama alijifunzia kwenye mchezo wa rede. Alikulia Iringa, na huko, katika uwanja wa shule yake, wasichana wawili walisimama huku na huku, mmoja akakaa katikati akikwepa, na mtupaji alikuwa na lengo moja tu, kumpata huyo wa katikati. Jioni ambazo hakurudi akiwa hoi kabisa, Mama alikunja soksi zikawa mpira, akasimama mbele ya mlango wa bafu na kuniambia, "Haya, nipate." Nikitupa, anakwepa. Mwanamke aliyeshinda kutwa akiwageuza na kuwanyanyua wazee vitandani, katika nyumba ya kutunzia wazee, alijipinda kwenye korido ile kama mjusi ukutani, akicheka kicheko ambacho sikukisikia mahali pengine popote.

"Umelala, wewe? Hata bibi yako angekwepa hiyo."

Basi nikawa na shabaha nzuri sana, ila ya watu. "Pendo," Miss Dunn, mwalimu wetu wa michezo, aliniuliza zaidi ya mara moja, "hawa wasichana wamekukosea nini?" Ilinichukua karibu msimu mzima kujifunza kulenga hewa iliyo kando ya mtu badala ya mtu mwenyewe. Nilipojifunza, timu yetu ikaanza kushinda, na mwezi wa sita tukaingia nusu fainali ya shule za eneo letu. Mechi ilipangwa Alhamisi. Miss Dunn alisema mimi ndiye nitakayeanza kutupa. Sikuwahi kutakiwa namna hiyo na mtu asiye ndugu yangu.

Wiki hiyohiyo kanisa letu likatangaza mfungo.

Lilikuwa kanisa la Waswahili, wengi Wakongo na sisi Watanzania wachache, tukisali kwenye ukumbi wa kukodi uliokuwa na harufu ya chai ya watu wengine. Mfungo ulikuwa wa wiki nzima, bila kula tangu alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, na kila nyumba ilete haja yake. Haja ya nyumba yetu haikuhitaji kutajwa. Tulikuwa tukisubiri serikali iamue kama tutabaki nchini, na tulikuwa tumesubiri muda mrefu hata neno "karatasi" nyumbani kwetu halikumaanisha tena kitu cha kuandikia. Mchungaji alisema nyumba nzima ifunge, watoto waliotimiza miaka kumi na miwili wakiwemo. Nilikuwa nimeitimiza miezi michache nyuma. Nyumba nzima ilikuwa Mama na mimi.

Sasa mimi, tangu nikiwa mdogo, nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Kama Mungu anajua haja zetu, kwa nini anataka pia niache mkate? Na kama angetunyima karatasi kwa sababu ya mkate wangu, huyo ni Mungu wa namna gani? Lakini maswali hayo niliyauliza kimoyomoyo, kwa sababu chini yake kulikuwa na hofu. Je, nikila, halafu tukakataliwa? Nani atakuwa ameturudisha? Sikuamini kiasi cha kufunga kwa furaha, wala sikutilia shaka kiasi cha kula kwa amani. Nikafunga.

Jumatatu nilivumilia. Jumanne, mazoezini, mpira ulianza kunidondokea njiani. Uliondoka mkononi vizuri tu, halafu ukachoka kama mimi na kuanguka kabla ya kumfikia mpigaji.  Miss Dunn alinivuta kando na kuniambia nitulize akili: nifumbe macho, nivute pumzi, niuone mpira ukitoka, ukipita ubavuni, ukifika. Nilifumba macho. Niliona chapati.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Miss."

Nilirudi kutupa, na mambo yakawa yaleyale. Hakunigombeza. Aliniambia kwa upole, jambo lililoniuma zaidi, kwamba kama Alhamisi asubuhi nitakuwa bado hivi ataanza na Chloe. Chloe alikuwa msichana mwema na mtupaji wa kawaida, na mwaka mzima alikuwa akiningoja niugue.

Jioni ile Mama alirudi, akavua viatu, akakaa kwenye sakafu ya korido kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu, akaniita aniangalie mkono. Alipaka dawa, akachua. Kisha akaushika tu bila kuuchua, akiusikiliza.

"Unatetemeka."

"Ni njala, Mama."

Nikamweleza yote, Miss Dunn, Chloe, mpira unaochoka njiani. Sikuomba ruhusa ya kula. Sijui hata nilikuwa naomba nini. Mama alifunika kikopo cha dawa.

"Kesho utakula," akasema. "Na Alhamisi. Zamu yako nitaishika mimi."

"Lakini wewe tayari unafunga."

"Nitaunganisha. Sitakula saa kumi na mbili. Nitaendelea mpaka mechi iishe."

Watu wa kazi ya Mama waliishi kwa kushikiana zamu. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine ana kesi mahakamani, na simu inapigwa: nishikie leo, nitakushikia Jumapili. Nilimsikia akizipokea simu hizo miaka yote na karibu kila mara akikubali. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba mambo hayo yanafika mpaka mbinguni.

"Mungu anakubali kubadilishana shifti?"

"Meneja wangu anakubali, ilimradi kuna mtu wodini. Mungu atashindwa na meneja?"

 Aliyekuwa na jibu ni Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya juu tuliyesali naye. Kesho yake alipita kurudisha sufuria, akanikuta mezani na uji, mayai na mkate, saa moja na nusu asubuhi ya mfungo.

"Mama Pendo. Mutoto anakula?"

"Anakula. Zamu yake nimeishika mimi."

"Njala ya mutoto ni ya mutoto. Ile haibadilishwe kama shifti, dada yangu."

"Basi dada, ikikataliwa, kosa wataniandikia mimi," Mama akasema, akapokea sufuria yake. "Karibu uketi, ila chai sikukaribishi, tumefunga."

Mama Furaha alicheka bila kupenda kucheka, akaenda zake akitikisa kichwa. Nami nikamaliza mayai. Yalikuwa matamu kuliko yalivyostahili kuwa.

Jioni ya Jumatano jua la Juni lilikuwa bado limejaa dirishani, lile jua la Uingereza lisilojua kuaga. Mama alisimama mbele ya mlango wa bafu, safari hii akiwa ameshika mwiko kama mpigaji, na mimi nikatupa soksi. "Usinitazame mimi," akasema. "Ukinitazama utanipiga. Tazama hapa kando, pale ambapo sipo." Nilitupa nikitazama pale ambapo hayupo. Soksi zikapita. Zikapita tena. Mkono ulikuwa mtulivu, na nilianza kusikia kile ambacho Miss Dunn alitaka nikione, mpira unaofika kabla hujautupa.

Kisha moja ikapotea na kumpata Mama begani. Hakukwepa. Hakucheka pia. Alisema, "Ngoja nipumzike kidogo," akateleza taratibu mpaka chini, mgongo mlangoni, mwiko mapajani, na akalala palepale. Nilimfunika kwa koti langu la shule. Nilisimama nikamtazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani. Mchungaji, serikali, Mungu, Miss Dunn, wote walionekana kuwa na sehemu yao, na wote hawakuwepo.

Alhamisi asubuhi Miss Dunn alinitazama nikitupa mara chache, akampa Chloe chupa za maji azibebe, na nikaanza.

Ningependa kuwaambia kwamba tulishinda. Nilitupa vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mpira ulipita pale nilipoutaka, na sikumgusa mtu. Lakini wapigaji wao walikuwa wazuri pia, jua liliwapofusha wenzangu waliosimama nyuma, mipira miwili ya kudakwa ikaanguka kwenye nyasi, na tukafungwa kwa nusu pointi. Nusu. Kwenye basi nilikaa peke yangu, nikafanya hesabu ambayo mtoto mwenye shaka huifanya: Mama Furaha alikuwa sahihi, zamu haikukubaliwa, na kama haikukubaliwa kwa jambo dogo kama mechi, je, karatasi?

Mama alikuwa jikoni bado na sare ya kazi. Hakuuliza nani ameshinda.

"Mkono ulitetemeka?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini tumefungwa."

"Haya," akasema. Akajipakulia wali na maharage, akala akiwa amesimama, taratibu sana, kama mtu anayejikumbusha jinsi inavyofanywa.

Karatasi zilikuja, ila baada ya miaka, nikiwa karibu kumaliza shule. Kanisani walisimama kushuhudia kwamba ni matunda ya mfungo, na mimi nikiwa benchi la nyuma nilitaka sana kunyoosha mkono niulize, mfungo upi? Nilikwenda chuo kikuu nikasoma falsafa, ambako maswali yangu yalipata majina marefu na alama nzuri. Nilirudi likizo nikiwa na kiburi cha mtu anayedhani shaka ni mali aliyoichuma mwenyewe. Nilimwona Mama kama mtu wa imani rahisi, niliyepaswa kumvumilia.

Jioni ya siku ile ya treni, nilimpigia simu. Nilimuuliza kama anakumbuka ile wiki. Alikumbuka. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nadhani bado ilikuwa ya darasani, kama kweli aliamini kwamba Mungu atahesabu njala yake badala ya yangu.

 Nilisikia televisheni yake kwa mbali.

"Sijui," akasema. "Sikuamini sana. Hata ule mfungo wenyewe, nilikuwa nimeshachoka kuomba jambo moja. Nilitaka wewe ule, mama, basi."

Kisha akaniuliza kama nimekula, nikamwambia bado, akanigombeza, tukaagana.

Nimelifikiria jibu lile wiki nzima. Miaka yote nilidhani katika nyumba ile mwenye maswali nilikuwa mimi, na mwenye majibu alikuwa yeye. Kumbe wenye maswali tulikuwa wawili. Maswali yake yalikuwa makubwa kuliko yangu, kwa sababu ndani yake nilikuwamo na mimi. Ila yeye aliyabeba akiwa na njala, na asubuhi akaenda kuwanyanyua wazee. Mimi niliachiwa nafasi ya kuyauliza ya kwangu nikiwa nimeshiba.