Mlango wa Chini ya Barafu

Televisheni yetu ya kwanza ilitumia betri ya gari, na betri ilipokaribia kwisha, picha haikuzimika ghafla. Ilijikunja. Weusi ulianzia pembeni, ukasogea ndani polepole, mpaka watu wote waliokuwa kwenye kioo wakabanwa katika kipande kidogo cha mwanga katikati, wakiendelea kuzungumza bila kujua kwamba dunia yao inawafinya. Mwishowe ilibaki nukta moja nyeupe. Sauti ilidumu kidogo baada ya picha, kisha nayo ikatoweka.

Ndivyo nilivyokiona kwa mara ya kwanza kipindi ninachokipenda kuliko vingine vyote. Kilikuwa sehemu ya mfululizo wa hadithi za kisayansi uliorushwa kila wiki, na mimi na baba hatukukosa hata wiki moja, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi na chake kilikuwa cha kukisia. Katika kipindi hicho kuna kituo cha utafiti kilichojengwa ndani ya bahari iliyofunikwa na barafu, kwenye mwezi wa sayari ya mbali. Ukuta wa kituo umepasuka na maji yanaingia. Wafanyakazi wamekwisha kukimbilia chombo cha kuwapandisha juu, isipokuwa wawili: fundi mzee aliyejifungia katika chumba cha pampu na kukataa kutoka, na afisa kijana aliyerudi kumchukua. Kati yao upo mlango wa chuma wenye kidirisha cha kioo kinene. Komeo liko upande wa ndani. Kijana anabisha, anaamuru, anasihi. Maji yanafika magotini mwa mzee, kisha kiunoni, kisha kifuani. Mzee anainua mkono na kuweka kiganja chake kwenye kioo.

Hapo ndipo picha yetu ilipojikunja.

Nililia kwa namna ambayo mama, aliyekuwa bado hai, alidhani nimeumwa na kitu. Baba alinikalisha kando yake na kunimalizia hadithi. Alisema kijana aliishiwa na amri. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango na kusema, "Mzee, naogopa kurudi juu peke yangu." Na mzee, aliyekuwa amekataa kila kitu, akavuta komeo.

"Umeona wapi na televisheni imezima?" nilimuuliza.

"Sauti ilibaki," alisema baba. "Wewe ulikuwa unalia. Mimi nilisikia."

Niliishi na mwisho huo hadi nilipokwenda chuo kikuu cha Maseno kusomea ualimu. Mwanafunzi tuliyeishi naye chumba kimoja alikuwa na mfululizo mzima kwenye kompyuta yake, na siku moja nilikifungua kipindi kile. Mlango haufunguki. Kiganja cha mzee kinabaki kwenye kioo mpaka taa za chumba zinapozimika, na kijana anapanda juu peke yake, akitazama mikono yake mwenyewe. Nilikitazama tena na tena. Niliuona mwisho ule kuwa wa kweli kuliko ule wa baba, na kwa hiyo kuwa bora. Nilikuwa nikiamini, na sijaacha kabisa kuamini, kwamba mtu akionyeshwa ukweli wote bila kupunguziwa atatenda lililo sawa. Hata hivyo sikumwambia baba.

Katika msimu wa mvua uliopita ziwa lilipanda. Sisi tuliozaliwa ufuoni upande wa mto Nyando tunayajua mafuriko ya mto, ambayo huja kwa kishindo na kuondoka. Haya yalikuwa ya namna nyingine. Ziwa lilijaa, likaingia mashambani bila haraka wala kelele, likaleta magugumaji hadi milangoni mwa watu, na halikuonyesha dalili ya kutaka kuondoka. Majirani walihamia madarasa ya shule ya msingi iliyo mwinukoni. Baba alikataa. Nilipompigia simu kutoka Kisumu alisema maji yalikuwa bado nje. Nilipompigia tena alisema yameingia lakini ni kidogo. Nyumba yetu ina kuta za udongo zilizopakwa saruji, na nyumba ya namna hiyo ya jirani yetu ilikuwa imekwisha kuanguka, ikikaa chini nzima nzima kama mtu aliyechoka. Nilikwenda kumtoa kabla yetu haijamwangukia.

Kijana mmoja mwenye mtumbwi alinifikisha mlangoni mchana, akaahidi kurudi kutuchukua sote wawili baada ya kuwahamisha wazee wengine. Baba alikuwa ameketi juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Chini ya kitanda patipati zake za mpira zilielea, moja ikiifuata nyingine.

"Umeingia na viatu," alisema.

"Baba, jitayarishe twende. Nimekutandikia kitanda Kisumu."

"Kwa nyumba ya nani?"

"Kwangu. Lakini ni chumba cha kupanga tu, si boma."

"Kodi analipa nani?"

"Mimi."

"Sasa si ni yako? Unataka nilale kwa nyumba ya kijana wangu, watu waseme maji imebeba hadi akili?"

Kwetu baba halali chini ya paa la mwanawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja hiyo njia nzima. Nilimweleza kwamba chumba ni mali ya mwenye nyumba, kwamba mila huzungumzia nyumba iliyojengwa ndani ya boma, kwamba hata wachungaji wa kanisa letu wamelala kwa wana wao mjini. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni wa heshima kanisani.

"Basi twende shuleni na wenzako," nilisema.

"Na mama yako?"

Alielekeza kidevu dirishani. Kaburi la mama liko nyuma ya nyumba. Saruji yake ilikuwa imezama, na juu ya maji kilionekana kichwa cha msalaba wa chuma tu, kikiwa kimevikwa magugumaji.

"Nikitoka, anabaki na nani?" alisema baba. "Na samaki?"

Nilikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwa nimekihifadhi kipindi chetu. Nilipanda kitandani kando yake, nikakunja miguu, nikamwambia nataka tuitazame ile hadithi ya mlango. Nilijua ninachokifanya. Nilitaka auone mzee yule akifa.

Uso wake ulichangamka kwa namna ambayo karibu inizuie. Alimtambua kila mtu. Alicheka kuona jinsi nguo za wasafiri wa angani zilivyokuwa za kawaida, ilhali kwenye televisheni yetu alizidhania za fedha. Kijana alipoanza kubisha mlango, baba alitikisa kichwa.

"Huyu ana kelele sana."

"Anamwokoa, baba."

"Anamwamuru. Angalia hicho kidole."

Maji yalipanda kwenye kioo cha simu. Kiganja kikawekwa. Niliona mkono wa baba mwenyewe ukifunguka juu ya goti lake, halafu taa za chumba kile zikazimika, na kijana akaenda zake juu. Majina yalianza kupita. Baba hakuondoa macho kwenye kioo mpaka kilipokuwa cheusi.

"Kwa hivyo alibaki," alisema.

"Alibaki."

"Na mlango hakufungua."

"Hakufungua."

Alipumua. "Mzee wa maana," alisema. "Alikaa kwa kazi yake. Hakuna mtu alimsumbua tena."

Nilikuwa nimeleta ukweli wote bila kuupunguza, na baba aliupokea kama mto wa kulalia. Alijiegemeza ukutani, akafumba macho, akawa kama mtu aliyepewa ruhusa. Nilianza kusema kwamba mwandishi hakukusudia hivyo, kwamba kifo kile kinaonyeshwa kama hasara, na kwamba yule kijana ataishi na tukio lile maisha yake yote. Maneno yangu yalikuwa mengi na yamepangwa vizuri, na chumba kilikuwa kidogo.

Simu ililia. Alikuwa mwenye mtumbwi. Chombo chake kilikuwa kimegonga kisiki chini ya maji na kupasuka ubavuni. "Leo siwezi kufika huko, mwalimu," alisema. "Nyinyi vumilieni mpaka kesho."

Nilipokuwa bado nimeshika simu sikioni, kipande cha saruji kilibanduka juu ya kichwa cha baba, kikateleza ukutani, kikaingia majini. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa na kuwa mweusi. Nilishuka nikaenda mlangoni. Boma lote lilikuwa bamba moja la maji na majani, na sikuweza kutambua mahali kisima kilipo, wala shimo la taka, wala njia. Nilikuwa nimekuja kumtoa mtu, na sasa tulikuwa wawili tusio na pa kutokea. Nilipitisha kiganja ukutani na udongo ukanifuata.

Nataka kuwa mwaminifu hapa. Wakati ule sikuikumbuka hadithi aliyonimalizia baba utotoni. Niliegemea fremu ya mlango, na kilichonitoka kilinitoka chenyewe.

"Baba, naogopa. Naogopa kurudi peke yangu."

Kisha nikasikia kitanda kikilia.

"Hiyo haiko kwa simu," alisema baba.

Ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. "Haiko," nilisema.

"Tangu ufike unaniambia ukuta, unaniambia mchungaji. Hukusema unaogopa."

"Sasa nimesema."

Alikuwa tayari amekunja suruali. Alichukua fimbo iliyoshikilia dirisha, akafunga mlango kwa kufuli, ingawa maji yalikuwa yakipita chini yake yapendavyo, akatia ufunguo mfukoni. Nyuma ya nyumba alisimama kando ya msalaba, akabandua magugumaji moja moja, akayasukuma mbali. Alimwambia mama jambo kwa lugha yetu ya Dholuo ambalo halikuwa langu kulisikia. Kisha akatangulia.

"Shika shati langu, nyathina," alisema, akiniita mtoto wake kama zamani. "Kanyaga pale nakanyaga. Hapa kushoto ni shimo. Ndiyo tulichimba udongo wa hii nyumba."

Maji yalitufika kifuani karibu na ua wa mwisho. Nilishika shati lile kwa mikono miwili.

Katika darasa tulilopewa, mama mmoja jirani yetu alikuwa akikoroga uji penye mlango. Alimtazama baba kuanzia miguuni.

"Mzee, si ulisema wewe utatolewa huko na jeneza?"

"Huyu aliogopa," alisema baba, akinionyesha kwa fimbo. "Ningefanya nini?"

Watu walicheka. Alichagua dawati la dirishani, upande unaotazama ziwa, akaketi na ufunguo kiganjani. Kutoka pale paa letu lilionekana, na hakugeuza uso hata alipoletewa uji.

"Hiyo simu yako iko na moto?" aliuliza baadaye.

"Chaji ipo kidogo."

"Niwekee tena ile hadithi." Alisogea kunipa nafasi. "Lakini uzime pale mkono uko kwa kioo."